Gia ya Kwanza Iko Karibu na Goti la Mukwe

Cheka, cheka tu. Ninyi banunuzi wa Pweto munafika hapa Kashikishi, munaona mwanamuke muzee kama mimi ameketi mbele ya motoka, bega kwa bega na mukwe wake, munaanza kusukumana viwiko. "Bana Jessy hana haya." Bana Jessy, mama ya Jessy, ndiyo mimi, na nimewasikia. Mimi ni muzee wa magoti, si wa masikio. Kaeni chini, samaki zenu hazijakauka bado. Nitawaambia siku niliyoketi pale mara ya kwanza, kisha mutacheka kama mutaweza.

Mukwe wangu anaitwa Lackson. Leo ninalitaja jina lake bila shida. Lakini mwaka ule wa hamsini na sita jina lile halikuwahi kupita kinywani mwangu, hata katika ndoto. Kwetu mama mukwe na mukwe banaogopana. Tukikutana njiani, yeye anaingia majanini anachuchumaa, mimi ninajifunika uso kwa kitambaa ninapita haraka. Kusemezana, hapana. Kula mahali pamoja, hapana. Kugusana, Lesa Mungu wetu atukinge! Na hiyo haiishi mpaka ukoo wa muke umupikie mukwe chakula kikubwa, umuingize nyumbani, umufunulie kila chungu aone ndani kuna nini. Neno la kupika linatoka kwa mujomba wa muke, yaani kaka yangu. Naye kaka yangu alikuwa Mufulira anachimba shaba. Kila mwaka anatuma salamu, mwenyewe haonekani.

Basi Lackson alimuoa binti yangu Jessy, bakajenga karibu na mimi pale Nchelenge, bakamuzaa Dorica, Dorica akaota meno, akatembea, akajifunza kunijibu vibaya, na mimi uso wa baba yake sikuujua. Nilijua miguu yake tu. Nilijua na kikohozi chake.

Bibi yangu alinifundisha hivi: mama mukwe akimugusa mukwe kabla ya chakula kile, ubaya haubashukii bao bawili. Unamushukia mutoto mudogo kabisa wa nyumba ile. Hilo mulishike, maana ndilo lililonitafuna siku yote.

Sasa motoka. Lackson alikuwa shofere wa Mugriki mumoja kule Kasenga, ng'ambo ya Luapula, anabeba samaki kupeleka Elisabethville. Mugriki alipochoka na mbu akarudi kwao, na Lackson akachukua motoka yake ya zamani, nyeusi, milango minne, usukani upande wa kushoto kama motoka zote za Kongo. Aliivusha mto juu ya mitumbwi iliyofungwa pamoja. Siku iliyofika Nchelenge, hata bagonjwa balitoka ndani kuiona. Mimi niliichungulia kwenye tundu la ua wa matete. Nikamuambia jirani yangu Beauty: "Angalia huyu. Yeye mwenyewe hajaingizwa nyumbani, ameshaingiza chuma."

Sikuipenda, sitaki kuwadanganya. Ilinuka, iliwatisha kuku wangu. Betri ilikufa zamani, kwa hiyo kila safari Lackson alisimama mbele yake na manivela, kile chuma kilichopinda cha kuzungushia injini, anazungusha, anatukana kwa Kifaransa, anazungusha tena. Breki ya mukono ilikuwa pambo tu. Akisimama mahali penye mwinuko, Jessy anaruka chini kuweka mawe chini ya magurudumu. Na injini ile, ukiiacha inguruma polepole, inazimika. Nikasema mimi kaburi la namna hii siliingii.

Basi ikafika siku ile. Banaume balikuwa bamevuka kwenda Kilwa, kisiwa cha hapa ziwani, kwa mazishi, mitumbwi yote imeondoka nao. Lackson alibaki sababu gurudumu lilikuwa na tundu, alikuwa analiziba. Saa ya chakula Jessy alipika pumbu, yule samaki wa ziwa letu. Munamujua pumbu, nyama tamu, lakini miiba yake ina panda kama manati. Tulikuwa tunamuchambulia mutoto kidole kwa kidole. Mutoto akanyakua kipande mwenyewe.

Kwanza alikohoa. Tukamupigapiga mugongoni. Kisha tukamupa tonge kubwa la bukari, ugali wetu, alimeze bila kutafuna, lisukume mwiba uende chini, kama kila mutu hapa ziwani anavyofanya. Mara nyingi mwiba unakwenda. Siku ile tonge lilipita, mwiba ukabaki. Mutoto akaanza kutoa mate yenye damu, na kila akivuta pumzi inalia fiiii, fiiii, kama chupa tupu kwenye upepo.

Fanwell, yule wa dawa pale Nchelenge, alimufungua kinywa kwa kijiko, akamulika, akafunga tochi yake. "Mwiba umekaa kwa upana, na nyama inavimba. Mimi sina chuma kinachofika pale. Daktari yuko juu, Kawambwa. Mupelekeni sasa hivi. Na asilale, musikie! Mushikeni kidevu juu. Kichwa kikianguka, njia inafunga."

Lackson hakungoja, gurudumu alikuwa ameshaliziba. Tulimusikia anazungusha manivela. Jessy akapanda nyuma na mutoto mapajani, kiganja chini ya kidevu. Akaniita: "Mama, panda! Peke yangu siwezi, panda!" Nikajifunika kitambaa kichwa chote, nikapanda nyuma, nikajibana kwenye kona mbali na kiti cha shofere. Mbele yangu niliona kisogo cha mukwe. Nikafumba macho.

Tuliondoka vizuri. Njia ilikuwa ya muchanga na mashimo, matete upande mumoja, upande wa pili vichaka, na mimi ninashika mulango kwa mikono miwili kama mutu anayezama. Dorica alikuwa ananiangalia. Mutoto yule hanyamazi hata siku moja, na sasa alikuwa ananiangalia tu, macho makubwa, na fiiii, fiiii. Nilisali kila sala ninayoijua, na nyingine nikazitunga.

Mahali pale njia inapopita kando ya majimaji, hakuna kijiji, hakuna shamba, tuliingia shimoni na injini ikazimika. Kimya. Vyura tu. Lackson akashuka na manivela. Akazungusha mara ya kwanza, hakuna kitu. Akazungusha tena kwa hasira, na injini ikakataa, ikarudisha kile chuma nyuma kwa nguvu. Nikasikia kitu kimevunjika kama kuni kavu. Alilia kilio ambacho sijawahi kusikia kwa mwanaume.

Mukono wa kuume, hapa, juu ya kiganja. Ulikuwa umepinda mahali ambapo mukono haupindi. Akakaa chini kidogo, akainuka, akashika manivela kwa mukono wa kushoto, akazungusha huku anauma mudomo. Na ile motoka ya kichaa ikawaka! Akabana kanyagio la mafuta kwa jiwe, isizimike. Jessy akapiga vigelegele. Mimi pia nilitaka kupiga.

Lackson akaja mulangoni kwa Jessy, ananipa mimi mugongo kama inavyotakiwa. "Miguu yangu iko," akasema. "Usukani nitashika na wa kushoto. Lakini gia iko upande wa kuume, na mukono wa kuume umekufa. Mutu anibadilishie gia. Na motoka isizimike tena, Jessy. Ile ya sasa ilikuwa bahati. Ikizimika, hakuna wa kuiwasha, na huku hapiti mutu."

"Ninakuja mbele mimi," Jessy akasema. Akanipa mutoto. Mara tu kiganja chake kilipotoka kwenye kidevu, Dorica akaruka kama samaki, akamukamata mama yake shingoni, akajinyonga mwenyewe kwa kupigana. Pumzi ikakatika, midomo ikabadilika rangi. "Mama, mama, rudisha!" Jessy akamurudisha mapajani, akamutuliza, akamuinua kidevu, na polepole fiiii ikarudi.

Mukwe wangu alisimama pale ananipa mugongo, mukono wake unaning'inia, na nilijua bote bawili banangoja nini. Yaba! Nilitaka ardhi ipasuke. Nikikataa, mutoto anafia kwenye matete. Nikikubali, ninaketi karibu na mukwe, ninapeleka mukono karibu na mwili wake, na ule ubaya wa bibi yangu utamushukia nani? Yeye yule! Mutoto mudogo kabisa wa nyumba. Nifanye nini mimi, nimuue kwa kuketi nyuma au nimuue kwa kuketi mbele?

Nikashuka.

Lackson aliona. Akaenda mbele, akachora kwa kidole cha kushoto kwenye vumbi la boneti, kisha akazunguka upande mwingine, akaangalia majini. Akamuita Jessy kwa sauti ili mimi nisikie: "Jessy, ambia mama: ya kwanza, vuta fimbo kuja kwangu, halafu shusha. Ya pili, sukuma kwake, peleka juu. Ya tatu, kutoka pale shusha moja kwa moja. Na akivuta kwangu asipeleke juu, maana pale ni kurudi nyuma." Nikasogea, nikaangalia ule muchoro. Mistari ya vumbi.

Nikaketi mbele. Kitambaa nilikishusha upande wa kushoto kama ukuta kati yake na mimi. Fimbo ya gia ilikuwa katikati, inatetemeka na motoka. Na angalieni ubaya wake: mukono ulio karibu na fimbo ni wa kushoto. Wa kushoto! Mukono ambao hata chumvi simupi mutu. Na ya kwanza, ile ya kuvuta na kushusha, inakwenda mpaka karibu na goti la shofere, karibu kabisa, ngozi na nguo.

Ile ya kuanza aliipiga yeye mwenyewe, anainama na mukono wa kushoto. Tukatembea. "Jessy, ambia mama ya pili."

"Mama, ya pili!"

Lakini mpaka neno litoke kwake lipite kwa Jessy lifike kwangu, alikuwa ameshaachia klachi. Nikasukuma, chuma kikapiga kelele kama nguruwe anachinjwa, motoka ikaruka upande wa majimaji, gurudumu moja likaingia kwenye matope. Akauvuta usukani kwa mukono mumoja, mushipa wa shingo umesimama. Tukatoka. Nyuma Jessy alikuwa analia sasa, waziwazi.

Hapo mukwe wangu akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiri. Aliangalia njia mbele, akasema kwa sauti kubwa: "Motoka! Ninakanyaga klachi. Sasa unataka ya pili."

Alikuwa anaisemesha motoka. Si mimi.

Nikasukuma kwangu, nikapeleka juu. Ikaingia, laini.

"Motoka, asante," akasema. "Ngoja kidogo. Sasa ya tatu."

Nikashusha. Ikaingia. Na mimi nikasema, uso nimeuelekeza kwenye kioo: "Motoka, nimesikia." Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Yeye anaiambia motoka, na mimi ninaijibu motoka, na kati yetu, kama mutu angetuuliza, hatukusemezana hata neno. Nilijaribu kumudanganya Mungu, ndiyo. Ninyi mungefanya nini? Na kila nilipogusa ile fimbo niligeuka nyuma kuangalia kama Dorica bado anapumua. Ninapiga gia, ninageuka. Ninapiga gia, ninageuka.

Tulipofika kijijini kwa mufalme Kazembe, batu balikuwa bengi njiani, na mbuzi, na baiskeli. Nilitaka kusema tusimame, tuchukue mwanaume mumoja aketi hapa pangu. Lakini injini ile, ukiisimamisha, inazimika, na mule nani anaijua manivela yake? Pumzi ya mutoto haingoji. Basi tulipita honi inalia. "Motoka, rudi ya pili!" Nikanyoosha mukono, na upepo ukaingia dirishani ukaondoa kitambaa changu, kikaruka nje, kikaenda. Kichwa wazi, uso wazi, bega kwa bega na mukwe wangu, katikati ya batu! Nikasikia mwanamuke mumoja anaita: "Yaba! Si Bana Jessy wa Nchelenge yule?" Haya zilinichoma toka shingo mpaka tumbo. Nilikaza macho mbele. Sikugeuka kushoto hata kidogo, nilimuona tu kwa pembe ya jicho, jasho linamutiririka.

Kijiji cha Mbereshi tukakipita. Halafu mulima ukaanza.

Munaujua mulima wa kwenda Kawambwa. Leo muna malori makubwa, munapanda munaimba. Siku zile njia ilikuwa nyembamba, changarawe nyekundu, inapinda, na upande wangu hakukuwa na kitu ila vilele vya miti chini. Tulipanda na ya pili. Injini ikaanza kulegea, inasema du, du, du, kama mutu amebeba gunia kubwa. Nilijua kabla hajasema. Nilijua, na nikasali asiseme.

"Motoka," akasema, "ninakanyaga klachi. Unataka ya kwanza."

Nikavuta fimbo kwake. Nikaona lile goti, suruali ya kaki yenye mafuta. Mukono wangu ukasimama. Mimi niliuambia uende, ukakataa. Nikashusha pale pale, kabla ya kufika, na meno ya chuma yakasagana grrrr, gia haikuingia. Motoka ikasimama.

Halafu ikaanza kurudi nyuma.

Polepole kwanza. Alikuwa anakanyaga breki, breki inashika, inaachia, inashika, inaachia. Changarawe zinalia chini. Nilivuta tena, grrrr. Nikaona miti ya chini inasogea kwenye dirisha langu. Nikasema moyoni, huu ndio ubaya wenyewe, umekuja, umetukuta bote.

Na nyuma kukawa kimya. Ile fiiii haikuwepo.

"Mama!" Jessy akalia. "Hapumui! Mama, hapumui!"

Na saa ile ile, upande wangu wa kushoto, sauti nyingine: "Mama!" Si motoka. Mimi. Aliniita mimi, kwa nguvu yake yote, kama mutoto aliyeanguka kisimani. "Mama, vuta mpaka mwisho! Njoo mpaka kwangu!" Na akauinua mukono wake uliovunjika, ule uliopinda, akauweka juu ya wangu.

Ulikuwa wa moto. Nilisikia mifupa yake inasogea ndani. Nikasukuma goti lake na ngumi yangu, ngozi kwa nguo, nikashusha, na yeye akashusha pamoja na mimi, akapiga kelele, na gia ikaingia kloko! Akaachia klachi. Motoka ikaruka mbele kama imechomwa na sindano, vichwa vyetu vikapiga nyuma, na katika ile kuruka Dorica akakohoa, akatapika mate na damu, na fiiii ikarudi. Fiiii! Sijawahi kupenda sauti kama ile. Nililia mpaka juu ya mulima. Mukono wangu nilikuwa bado nimeushika kwenye fimbo, na wake ulikuwa bado juu yangu, sababu hakuwa na nguvu ya kuuondoa.

Kufika Kawambwa, Jessy alishuka kabla motoka haijasimama, akakimbia ndani ya hospitali na mutoto. Milango ikafungwa. Sisi bawili tulibaki uwanjani. Lackson alibaki kwenye usukani, injini inawaka, anakanyaga kidogo kidogo isife, sababu kama daktari angesema mutoto apelekwe mbali zaidi, angeiwasha nani? Bakaja kumuita afungwe mukono, akakataa. Mimi nilikwenda nyuma ya motoka, nikakaa chini kwenye vumbi na moshi, mugongo kwenye gurudumu, ili nisimuone.

Pale ndipo woga wenyewe ulinipata. Njiani nilikuwa na kazi. Hapa sikuwa na kazi. Niliangalia ule mukono wangu wa kushoto, ulikuwa na damu kidogo, ya kwake, mahali alipochunika. Nimemugusa. Hiyo haikuwa kusemesha motoka, nilimugusa. Kila mulango ulipolia nilijua ni muuguzi anakuja kutuambia. Nilikuwa nimeshaanza kulifikiri lile jambo lisilofikiriwa: nitamurudisha vipi, nitamufunika na nini, na kitambaa kimebaki kwa Kazembe. Nikasema, Lesa, mimi muzee niko hapa. Kama deni ni la kugusa, aliyegusa ni mimi.

Kisha tukasikia mutoto analia. Si fiiii. Kilio kabisa, cha hasira, kilio cha mutoto anayetaka kumung'ata mutu. Ningekitambua kati ya vilio elfu. Jessy akatoka amebeba kitu kwenye pamba, akakiinua juu: mwiba wa pumbu, mufupi kama ukucha wangu, na panda yake. Alikuwa anacheka na kulia, kisha akarudi ndani mbio.

Mimi nilibaki pale chini, ninakisikiliza kile kilio.

Bakamuchukua Lackson ndani, bakamuwekea plasta nyeupe mpaka kiwiko. Kabla hajaingia aliegemeza gurudumu la mbele kwenye jiwe, na jiwe lingine akalibana kwenye kanyagio la mafuta. Mimi nikainuka, nikajipangusa vumbi, nikaenda kusimama mbele ya motoka. Ule muchoro wake bado ulikuwepo kwenye boneti, umefutika nusu. Ya kwanza ilikuwa inaonekana.

Nikasikia miguu yake, ile ninayoijua. Alitoka, akaingia upande wa usukani, akafanya kitu mule ndani, kisha akatoka tena, akasimama upande mwingine wa boneti, akaangalia chini. Kitambaa sikuwa nacho. Nikajifunika kwa kiganja.

"Motoka," nikasema. "Ambia bwana yako. Kaka yangu wa Mufulira ninamuheshimu, lakini kaka yangu ni muchelewaji. Mimi simungoji tena. Ambia bwana yako, siku ya Mungu, Jumapili hii, nitawasha moto. Nitapika kuku, nitapika samaki, nitapika kila kitu kilicho ndani, na vyungu vyote nitavifunua. Umwambie hivyo, wewe motoka."

Nikangoja. Nikaona hata boneti haitetemeki chini ya mukono wangu.

"Mama," Lackson akasema, polepole sana. "Motoka nimeizima. Anayesikia ni mimi tu."

Mukifikiri niliogopa kule mulimani, hamujui woga. Hakukuwa na Jessy, hakukuwa na kitambaa, hakukuwa na injini. Ndani ya nyumba ile Dorica alikuwa bado analia, ana nguvu, anamutukana daktari kwa Kibemba. Nilimusikiliza mpaka nikahakikisha. Kisha nikashusha kiganja, nikamutazama mukwe wangu usoni. Ana kovu juu ya jicho. Miaka yote ile sikujua. Na alikuwa kijana tu, macho mekundu.

"Basi usikie wewe," nikamuambia. "Njoo ule. Na uje na njaa."